Ulezi Ndani ya Bomba la Panzi

Jumatatu, 9 Juni 1975

Wote wanaisema vibaya. Nimefagia kibanda, nimeziba pancha mbili za baiskeli, nimekunywa uji, na katika muda huo wamepita watu watatu, kila mmoja na habari yake. Wa kwanza anasema gari liliwaka moto. Halikuwaka. Wa pili anasema lililia kama mbuzi kabla ya kuzimika. Hilo kidogo kweli. Wa tatu ni Mama Skola mwenye kilabu. Anasema Fundi Desideri, yaani mimi, kamtega kijana wa watu kwa wivu. Huyo ndiye mbaya kuliko wote, maana ana pombe, na mwenye pombe husikilizwa.

Naandika mimi ilivyokuwa. Mwalimu wa kisomo alisema sisi tuliojua kusoma uzeeni tuandike kila siku, hata neno moja, mkono usisahau. Mimi nitaandika mengi. Daftari hili hasomi mtu. Mke wangu, Mama Pelagia, bado yuko kwenye herufi M.

Gari lenyewe ni Panzi. Kijani, viti viwili tu, paa la turubai, chini kama sinia. Lilikuwa la mzungu wa nzige, yule aliyekuwa anawafukuza kule bonde la Rukwa kabla ya uhuru. Dereva wake mimi. Nilikuwa namkimbiza Panzi mpaka nzige wanabaki nyuma wanahema. Mzungu alipoondoka akamuuzia rafiki yangu, Mwalimu Eusebi. Eusebi akaliendesha miaka michache, kisha likalala kwenye banda la kuku. Miaka minane.

Sasa binti yake Gaudensia anaolewa Jumamosi ya tarehe 21, kanisani Mollo. Eusebi anataka ampeleke mwenyewe, ndani ya Panzi. Injini nzima. Lakini mabomba ya petroli yameliwa na kutu, na mipira yake imeliwa na panya. Lazima yabadilishwe yote, toka tangi kule nyuma mpaka kabureta mbele.

Kazi kampa nani? Ambakisye. Kijana wa Mbeya, fundi wa karakana ya serikali, miaka thelathini na moja. Ana cheti chenye picha yake. Hajampa Desideri.

Nina wivu. Nimeandika. Basi.

Jumanne, 10 Juni

Jana mkono ulichoka. Naendelea.

Ilianzia kilabuni kwa Mama Skola, mwezi uliopita. Tumekaa. Ambakisye akaja toka kazini na ovaroli yake iliyofuliwa. Akanishika mkono, akaniamkia shikamoo, akachuchumaa mbele yangu, watu wote wanaona. Akasema amepata bomba la shaba kwenye lori bovu, zuri, refu, la kutosha. Lakini kila akilikunja linabonyea na kujiziba. Akauliza mzee huwa anafanyaje.

Nikanywa kwanza. Nikamwambia, "Jaza ulezi, mwanangu. Mkavu. Shindilia, ziba huku na huku kwa kijiti, pasha moto shaba iwe nyekundu, ndipo ukunje. Baba yangu alikuwa mhunzi. Alifanya hivyo."

Kila fundi anajua ni mchanga. Mchanga mkavu wa mtoni. Na baba yangu hakuwahi kuona bomba la shaba. Alifua majembe. Ulikuwa utani tu. Anayenijua anajua katika maneno yangu manne matatu ni utani.

Lakini nilimwambia pia: ukimaliza kukunja, mwaga, osha kwa petroli, pulizia pampu mpaka uone mwanga upande wa pili. Hilo nililisema. Kilabu kizima kilisikia. Leo kilabu kizima kimesahau. Pombe ya Mama Skola kali.

Akaenda akafanya. Ulezi ukaungua ndani ya bomba. Akafunga bomba kwenye gari. Juzi Jumamosi nikiwa kibandani nikasikia Panzi anaunguruma. Miaka minane sijasikia sauti ile. Nikatoka mbio na spana mkononi. Akafika sokoni. Akakohoa. Akanyamaza.

Ambakisye akafungua kabureta mbele ya kina mama wa sokoni. Zikatoka punje nyeusi, zimeungua, nyingine zimeshikana. Mwenye meza ya nafaka akaja akazichukua kiganjani, akanusa. "Kaka, ungeniambia. Ningekusagia kabisa." Mwingine akasema acheni, gari linapika pombe yake lenyewe. Soko likaanguka kwa kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikaa chini.

Ndipo Eusebi akatoka ndani ya Panzi na kofia yake kichwani. Hakucheka. Hakumtazama Ambakisye. Alinitazama mimi.

Jumatano, 11 Juni

Eusebi kapita hapa saa tatu. Kamsalimia Mama Pelagia. Kamuuliza habari za mbuzi.

Mbuzi. Mimi nimesimama pale pale.

Miaka arobaini ya urafiki. Hajanipita hivyo hata nilipomgonga ng'ombe wake kwa lori.

Ijumaa, 13 Juni

Baiskeli sita leo. Tangu watu wahamie vijijini mwaka jana mashamba yamebaki mbali, kila mtu anatia mguu kwenye pedeli. Kazi ninayo. Sisemi sina kazi.

Nimepita nyumbani kwa Eusebi mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta kuku wangu. Mara ya pili kuku huyo huyo. Mara ya tatu Mama Pelagia akaniuliza ni kuku gani huyo, maana yeye ndiye anawahesabu na wako wote.

Ambakisye analala chini ya Panzi kila akitoka kazini mpaka giza, anatoa lile bomba la ulezi lote. Anaanza upya. Saa ya kula Gaudensia anamletea maji ya kunawa, anapiga goti. Ugali, maharage, dagaa wa Kirando. Eusebi anakula naye sinia moja. Sinia lile nalijua. Lina kovu pembeni, nililiangusha mimi.

Nilitazama mikono ya Ambakisye akinawa. Haitetemeki. Nilitamani itetemeke.

Yangu inatetemeka. Mama Pelagia akiuliza nasema baridi. Juni ni baridi kweli huku kwetu, upepo unakata masikio. Lakini na Januari inatetemeka.

Ndiyo maana Eusebi hakunipa kazi. Hakuniambia, lakini najua. Mwaka jana nilimfungia plagi ya pikipiki ya katekista, nikaivunja. Eusebi alikuwepo. Aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Jumapili, 15 Juni

Misa. Padri kasema mengi, sikusikiliza.

Nje ya kanisa balozi wetu wa nyumba kumi kaniuliza kwa sauti kama leo nimekula ugali wa ulezi au nimekula wa bomba. Watu wakacheka. Mjumbe wa shule akasema anaomba nimpikie pikipiki yake. Wakacheka tena. Hata mpiga kengele.

Mji huu mimi ndiye ninayetania. Nilimtania mpaka askofu alipokuja kipaimara, akacheka na fimbo yake. Kutaniwa naweza. Shida nilikosa jibu. Nilitafuta mdomoni, hakuna kitu. Nimerudi nyumbani nikayapata matatu mazuri sana, nikamwambia Mama Pelagia. Akasema ni mazuri.

Ambakisye ni Mmoraviani, lakini alikuwa nje pale anamsubiri Eusebi. Akaniona. Akatoka kwenye kundi, akaja kwa miguu yake mpaka nilipo. "Shikamoo Mzee." Nikasema marahaba kama mtu anayetema mbegu ya pera.

Angenitukana ningepona.

Jumatatu, 16 Juni

Nimesimama nyuma ya ua wa Eusebi, upande wa mabua ya mahindi. Si kujificha. Kulikuwa na upepo.

Ambakisye kapata bomba jingine. Safari hii kajaza mchanga. Nani kamwambia? Hakuna. Kafikiri mwenyewe. Kakaa na jiko la mkaa, kapasha pole pole, kageuza, kakunja juu ya goti. Pale bomba linapopanda juu ya ekseli ya nyuma pana kona mbaya. Mimi mwenyewe enzi za mzungu niliiogopa. Yeye kaikunja mara moja. Laini. Kama shingo ya bata.

Kisha kapuliza na pampu ya baiskeli. Kaangalia ndani kwa jicho moja, bomba kaelekeza kwenye jua. Kaosha. Kapuliza tena.

Mimi ndivyo ningefanya. Mimi yule wa miaka thelathini na moja.

Nimerudi nyumbani nikamfokea mbuzi.

Jumatano, 18 Juni

Kitu kimetokea.

Saa tisa Panzi kapita mbele ya kibanda changu. Nikainamia gurudumu nisimwone. Akasimama. Ambakisye akashuka, akafungua boneti mwenyewe, akasema, "Mzee, naomba unikagulie."

Watu walikuwepo, wenye baiskeli zao. Nikaenda. Nikafuta mikono kwanza, taratibu. Nikatazama.

Kazi safi. Naandika hapa kwa sababu hasomi mtu. Bomba limelala vizuri, limeshikwa na vibanio, halisugui popote. Sikuona kosa. Nilitafuta.

Nikaliona mwisho kabisa. Kati ya pampu ya petroli na kabureta huwezi kuweka shaba, maana injini inatikisika, shaba itakatika. Lazima mpira. Mpira wa petroli, mweusi, wenye nyuzi ndani. Yeye kaweka mpira wa maji. Ule wa bustani. Petroli inakula mpira ule. Unavimba, unalainika kama utumbo, siku tatu nne unaachia. Na chini yake hapo hapo kuna ekzosi, ya moto.

Naye alijua. Akasema kwa sauti ndogo, wenye baiskeli wasisikie, kwamba si mpira wenyewe. Kauliza maduka yote, hakuna. Karakana hakuna. Kaandika barua Mbeya, haijajibiwa. Akauliza, "Kwa kwenda Mollo na kurudi tu, Mzee. Utafika?"

Aliniangalia machoni.

Nikasema, "Utafika."

Kwenye sanduku langu, chini ya blanketi la jeshi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kuna mpira wa petroli. Mpya. Urefu wa mkono wangu. Alinipa dereva wa lori toka Zambia nilipomtengenezea pampu. Kipande cha kiganja tu kingetosha.

Utafika. Nimeandika tena nione linavyokaa. Linakaa vibaya.

Alhamisi, 19 Juni

Nimetoa mpira. Nimeutazama. Nimeurudisha.

Sababu zangu. Mpira ni wangu. Hawakuniomba. Walimpa mwenye cheti, basi cheti kitoe mpira. Nikiutoa watasema Ambakisye kamaliza kazi, mzee kaleta kipande cha mpira. Kipande. Miaka yote hii halafu niwe kipande cha mpira.

Pia labda utafika kweli. Mollo si mbali.

Nimetoa tena. Nimerudisha.

Ijumaa, 20 Juni

Mama Pelagia kashinda kwa Eusebi na wanawake wengine, wanatwanga, wanachambua mchele. Karudi jioni na unga kwenye nyusi. Kakaa mlangoni, kanyoosha miguu.

Kasema Gaudensia kamuuliza, "Mama, baba mdogo atakuja?" Baba mdogo ni mimi. Ananiita hivyo tangu alipokuwa hana meno, kwa sababu mimi na baba yake tulikuwa kama tumbo moja. Nilimfundisha baiskeli. Nilimwambia kwamba nzige wana mfalme na mfalme alipanda Panzi kwa lifti. Aliamini mpaka darasa la tano.

Nikamuuliza kamjibuje. Kasema alimwambia baba mdogo anatafuta kuku.

Kisha kasema kitu kingine, kama hataki. Banda la Panzi linanuka petroli. Tangu juzi kuku wote wa Eusebi wamehama, wanalala kwenye mti wa parachichi.

Nikasema kuku hajui petroli.

Akasema, "Baba Pelagia, wewe unajua."

Sijala.

Jumamosi, 21 Juni

Nimefika mapema, jua bado dogo. Koti langu jeusi, mfuko wa kulia mpira, wa kushoto bisibisi na kisu.

Kwa Eusebi pamejaa. Vigelegele. Panzi kafungwa maua ya njano na vitambaa. Gaudensia ndani, gauni jeupe limejaa mpaka kwenye usukani, shela analishika mkononi lisichafuke. Eusebi kavaa suti ya siku aliyostaafu. Kawasha. Injini inaunguruma vizuri. Nilisimama kidogo nikaisikiliza. Nitaungama: kidogo hicho kilikuwa kirefu. Nilifikiri naweza kugeuka nikarudi nyumbani, na kesho wao ndio watakaokuwa na aibu, siyo mimi.

Gaudensia akaniona. Akanipungia na maua.

Nikaenda nikaweka mikono miwili juu ya boneti. Nikasema, "Zima."

Eusebi neno lake la kwanza kwangu baada ya wiki mbili: "Desideri, ondoka hapo."

"Zima, Eusebi. Mtoto atoke."

Watu wakasogea. Mmoja akasema mzee kalewa asubuhi. Ambakisye alikuwa kwenye pikapu ya karakana iliyosimama nyuma, ya kubeba wazee. Alishuka mbio. Hakuniuliza kitu. Aliingiza mkono dirishani mwa Panzi, akazima yeye mwenyewe.

Tukafungua. Mpira umevimba kama mguu wa mgonjwa. Unatoka jasho. Tone, kisha tone, linaanguka kando ya ekzosi, vidole vitatu tu pembeni, na pale lilipoanguka panatoka moshi mdogo. Nikaubonyeza. Kidole kikazama. Ambakisye akawa na rangi ya majivu.

Gaudensia akatolewa, gauni limekunjwa kwapani, amesimama juu ya mkeka. Hakulia. Alikuwa ananitazama tu.

Nikatoa mpira wangu mfukoni. Nikakata kipande. Mpaka hapo sawa. Kisha klipu za kuubana.

Bisibisi ikateleza. Nikarudia. Ikateleza tena, ikagonga betri. Mikono ilikuwa inacheza yenyewe, mbele ya watu wote, kwenye jua. Nilijua sasa Ambakisye ataichukua bisibisi. Ningekuwa mimi ningeichukua. Hakuchukua. Aliinama karibu kama mtu anayejifunza, akapitisha mkono wake chini ya wangu, akaushika usitikisike. Kutoka nje huoni. Nikakaza klipu ya kwanza. Nikakaza ya pili. Watu waliona mzee anafanya kazi peke yake na kijana anatazama.

Tukawasha. Kavu. Hakuna tone.

Hapo Eusebi akavua kofia. Nilifikiri atanishukuru. Akamgeukia Ambakisye, na watu wote wanasikia, akauliza lile ambalo alikuwa analitafuna tangu sokoni.

"Nataka kujua kabla huyu hajapanda gari la harusi ya mwanangu. Siku ya ulezi. Alikwambia uoshe bomba, au hakukwambia?"

Ambakisye alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Alifuta kidole kimoja kimoja.

"Aliniambia, Mwalimu. Mimi ndiye nilisahau."

Nikamtazama. Hakunitazama.

Eusebi akanishika mkono. Alishika kwa mikono miwili, na ile kofia katikati. "Twende Mollo," akasema. Basi.

Wao wakatangulia. Mimi nikakaa mbele kwenye pikapu, na Ambakisye. Vumbi la Panzi lilitujaa usoni njia nzima. Aliendesha yeye. Karibu na Mollo akasema, "Mpira mzuri ule, Mzee. Wa wapi?"

Nikasema Zambia.

Hakuuliza niliupata lini.

Harusi nzuri. Nilikula sana. Sikusema hadithi hata moja, watu wakadhani naumwa.

Jumapili, 22 Juni

Miguu inauma. Nimelala.

Mama Skola kapita na habari mpya. Fundi Desideri kamwokoa bibi harusi kwenye moto kwa mikono mitupu. Nikamwambia hakukuwa na moto. Akasema anajua, lakini na moto ni nzuri zaidi.

Sikubishana naye.

Jumanne, 24 Juni

Upepo umetulia. Baiskeli mbili tu, breki zote mbili. Eusebi kaja asubuhi, kakaa kwenye gogo la mbele ya kibanda, tumezungumza habari za ulezi kukauka mapema mwaka huu, na akajua alichosema, na mimi nikajua, tukacheka wote wawili mpaka akashika mbavu. Kaondoka.

Ambakisye kapita na pikapu akielekea Muze kutengeneza trekta. Kapiga honi, kainua mkono. Nikainua wangu.

Mama Pelagia yuko ndani anasoma herufi kwa sauti. Kafika P. Siku si nyingi atasoma hapa.

Sikumwambia Ambakisye.

Niliandika kwamba nilimwambia amwage, aoshe, apulize mpaka aone mwanga. Hilo nililitunga. Nililitunga njiani nikitoka sokoni Jumamosi ile, baada ya Eusebi kunitazama. Kufika nyumbani nilikuwa nalo lote, na pampu na mwanga. Nikaliandika, nikalisoma mara nyingi, mpaka nikawa naisikia sauti yangu ikilisema pale kilabuni.

Kilichosemwa ni ulezi, moto, kunja. Kisha nikanywa. Nilijua utaungua. Yeye alibaki amechuchumaa kidogo, ananitazama mdomoni, kama bado kuna neno lingine linakuja. Halikuja. Akasema asante Mzee, akaondoka.

Kwa hiyo anajua. Alikuwepo. Alikuwa karibu kuliko wote.

Na mbele ya Eusebi akasema uongo ule. Mfupi. Hauna nzige, hauna mfalme, hauna kitu. Mimi nimesema uongo miaka sitini, sijawahi kusema mmoja mzuri kama ule.

Nao nauonea wivu.